Bomba la Uani, Mwaka wa Eda ya Bi Zena

Mariamu, aliyekuwa akimtunza Bi Zena, alinipigia simu saa tano asubuhi kuniambia kwamba bibi ameaga dunia alfajiri, na kwamba watamzika baada ya sala ya adhuhuri. Mimi naishi Nanyuki, magoti yangu yana maneno yao, na kijana anayeniendesha alikuwa ameenda kutafuta nyasi za ng'ombe, kwa hiyo nilifika Majengo, Nyeri, wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini wakipangusa udongo mwekundu viatuni. Sikulalamika. Waislamu hawaweki maiti kungoja bibi kizee atafute sweta yake. Nikavua viatu mlangoni, nikasaidiwa kukaa mkekani katikati ya wanawake, nikapewa chai ya tangawizi. Msichana mmoja aliyekuwa akigawa vikombe aliniuliza kwa adabu, "Na wewe nyanya, marehemu alikuwa nani wako?" Nikamwambia nilikuwa mpangaji wake. "Miaka mingi?" Mwaka mmoja, nikasema, na hata huo haukutimia vizuri. Akatabasamu, akasogea kwa mwingine. Simlaumu. Mtu kutoka Nanyuki na fimbo yake kwa ajili ya chumba alichokodi kabla mama wa msichana huyo hajazaliwa, hata mimi ningejiuliza ana nini.

Ya kwetu na jinsi nilivyofika Nyeri niyaache, ni hadithi ya kila mtu. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa nimeajiriwa kuunganisha simu. Nilikaa mbele ya ubao wenye matundu, visikizi masikioni, nikichomeka waya hapa na kuchomoa pale, na kutwa nzima nilisikia watu: mnunuzi wa kahawa wa Kianyaga akigombana na dereva, mwenye shamba la Nanyuki akiulizia dawa ya kupe, mke wa askari akilia bila kusema lolote huku mumewe akimwambia, "Basi, basi, watu wanangoja simu." Tulikatazwa kusikiliza na sote tulisikiliza. Msimamizi wetu alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Jumatatu, kwamba operata akipewa ujumbe haongezi neno na hapunguzi neno. Niliishika sheria hiyo vizuri sana. Na katika sauti zote hizo, muda wote ule, hakuna hata moja iliyouliza kama mimi, Nyambura, nipo. Jioni nilitoka na masikio yanauma, nikapita sokoni nikanunua ndizi moja, nikarudi Majengo nikiwa sijaongea na mtu neno langu mwenyewe tangu asubuhi.

Chumba changu kilikuwa cha tatu upande wa kushoto, kwenye nyumba ya Mzee Shabani, dereva wa lori aliyestaafu kwa ajili ya kifua. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu, na dirisha dogo lililofunguka uani. Uani ndiko nyumba ile ilikoishi: jiko la kuni chini ya paa lake, kamba ya nguo, bafu na choo pembeni, na ua wa mabati uliozunguka kote ili wanawake wa ndani wasionekane na wapita njia. Kodi yangu ilikuwa ya chumba tu, lakini Bi Zena, mke wa mzee, hakuwahi kuniacha nile peke yangu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, hana mtoto, ana Kiswahili kilichonyooka mpaka nilikuwa naona haya kufungua kinywa changu cha shambani. Nikisema "kitabu yangu", alirudia taratibu, "kitabu changu, mwanangu," na kunimegea chapati. Nilidhani ni mtu wa pwani. Sikuuliza, na yeye hakusema. Tulikula watatu, mzee akikohoa kwa heshima upande wa pili, redio ikisema mambo ya Nairobi, na hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo sikuhisi baridi.

Mzee Shabani alifariki mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Watu walijaa nyumba kutoka Nanyuki, Karatina na Embu, na chakula kilipikwa siku tatu bila moto kuzimwa. Kuni zilikuwa tatizo, maana zote zilikuwa mbichi, mpaka Juma, mdogo wake marehemu, akaleta lori zima la kuni kavu. Akaamuru mabati mawili ya ua yang'olewe, lori likaingia kinyumenyume mpaka karibu na jiko, matairi yakididimia kwenye matope, na wanaume wakapiga makofi kwa ustadi wa dereva. Hakuna aliyewaza chini kuna nini. Aliyejua alikuwa ameshalazwa kaburini, kwa sababu bomba la maji machafu kutoka bafuni kwenda bomba kubwa la baraza la mji, kule bondeni, Mzee Shabani alilichimbia mwenyewe, na kwa kuwa kifua chake kilikuwa kimeanza, alilichimbia juu juu. Mimi nilikuwa stoo nikichambua mchele na shangazi wawili wa marehemu ambao walidhani sielewi. "Mjane hana mtoto," mmoja akasema. "Nyumba itakuwa ya nani?" Mwenzake akajibu, "Juma anaitaka. Na huyu atakwenda wapi, hana kwao huyu." Nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Baada ya siku hizo watu walitawanyika, na Bi Zena akaanza eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai la kupendeza, hajipaki manukato, hatoki ila kwa dharura, na hakai na mwanamume asiye wa damu yake. Majengo ya wakati ule iliongeza ukali wake yenyewe: hata sauti yake isisikike na mwanamume wa nje. Akiwa na neno, mwanamke mwingine alimsemea. Mwanamke huyo nilikuwa mimi, Mkristo wa kutoka shambani, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nilimnunulia unga, nilimfungulia mlango muuza maziwa, nilimjibu shehe alipokuja kumjulia hali barazani. Jioni tulikaa jikoni yeye na mimi na nafasi ya mzee, redio imezimwa kwa heshima. Wakati mwingine hatukusemezana hata maneno kumi. Ulikuwa upweke wa watu wawili, na nakwambia huo ni mzito kuliko wa mmoja, maana unamwona mwenzako akiubeba na huna la kumsaidia.

Mwezi wa sita, ukungu ukiwa haupandi mpaka saa sita mchana, maji ya bafuni yalianza kurudi. Kwanza yalikawia kwenda, kisha yakasimama, kisha asubuhi moja nikakuta uchafu umepanda mpaka kwenye kizingiti cha choo, na mahali lori lilipopita pamelowa na panatoa viputo. Harufu hiyo sitaieleza. Wanawake waliokuwa wakija Ijumaa kumsomea Bi Zena walikuja mara moja na shungi zimefunika pua, hawakurudi. Kazini, msichana wa ubao wa jirani, aliyekuwa ameanza kunisalimia, alihamisha kiti chake pole pole bila kuniangalia. Nilifua koti langu mara tatu. Halafu akaja bwana afya wa baraza, na buti zake na kitabu chake cha karatasi za rangi ya waridi, akachungulia, akaandika, akanipa karatasi. "Mwambie mama mwenye nyumba hivi: wiki mbili. Hii isipotengenezwa, tunafunga nyumba, kila mtu anatoka. Kuna watoto huko chini, ikiingia kwa mfereji tutazika watu." Hakuwa mtu mbaya. Alisema ukweli.

Juma alikuja kesho yake, na alikuja haraka mno kwa mtu aliyesikia habari kwa bahati. Akakaa barazani, mimi nikasimama mlangoni, Bi Zena akiwa nyuma ya pazia. "Dini haina ukali," Juma akasema. "Shehe ameruhusu. Nyumba ikiwa haikaliki, mjane ahamishwe. Nitampeleka kwangu Nanyuki, amalize eda yake vizuri. Hapa tutapatengeneza pole pole." Bi Zena alinivuta mkono, akaninong'oneza. Nikatoka nikasema kama nilivyofundishwa kazini, neno kwa neno: "Anasema akivuka kizingiti hiki kabla ya siku zake, harudi tena. Anasema wewe unajua, na yeye anajua." Juma akaangalia kofia yake mkononi. Hakubisha, na kwa kutobisha kwake ndipo nikaelewa kwamba nyumba nzima sasa inakaa juu ya bomba lile. Likitengenezwa ndani ya wiki mbili, Bi Zena ana kwake. Lisipotengenezwa, ana kona katika chumba cha watoto wa Juma mpaka afe.

Nyeri yote ilikuwa na mafundi watatu wa kazi hiyo. Mmoja alikuwa mlevi, wa pili alikuwa amechukuliwa na hoteli moja iliyokuwa ikiongeza vyumba, na wa tatu ni Mzee Kariuki, ambaye nilimfahamu kwa sura kwa sababu alikuwa amefungua mifereji ya ofisini kwetu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mfupi, mwenye buti za mpira na kofia ya sufu, na mfuko wa gunia ambamo vyombo vyake vilipangwa safi kuliko vijiko vya jikoni. Alikuja Jumatatu. Nikamweleza mapema kwamba ndani kuna mjane wa eda, kwamba hataingia uani, na kwamba kama ana neno aniambie mimi. Akainua mabega. "Haina shida. Mimi naongea na bomba, siongei na watu." Na kwa kuwa alijua hii ni nyumba ya Majengo, aliongea nami Kiswahili chake cha milimani ingawa sote wawili tulikuwa Wakikuyu, na mimi nikafuata.

Nilikuwa na likizo ya wiki moja, nikaitumia yote pale. Alichimba kuanzia chini, nje ya ua, ambako bomba letu liliingia kwenye lile la baraza, akapanda nalo. Lilikuwa bomba la udongo la kuchomwa, vipande vya urefu wa hatua moja, kila kimoja kina mdomo mpana upande mmoja. "Angalia," akaniambia, "mdomo mpana unaangalia mlima, huu mwembamba unaangalia bonde. Maji inatoka kwa mwembamba inaingia kwa mpana. Ukigeuza, kila kiungo inashika takataka, baada ya mwaka mmoja unaniita tena." Vipande vinne vilikuwa vimesagwa na tairi, na vingine vitatu vimepata ufa. Aliviinua kimoja kimoja, akavipanga pembeni. "Huyu aliyeweka hii alikuwa na haraka gani? Ati amefunika bomba kama mtu anafunika mbegu ya maharagwe." Nikamwambia alikuwa mgonjwa wa kifua na sasa amekufa. Akavua kofia, akaivaa tena, akachimba mtaro mpya kwa kina cha kiuno. Akifanya kazi, alivuma wimbo bila maneno, ule ule, akipanda sauti mahali pale pale kila mara, na mimi nilijifunza kuchanganya saruji nikiusikiliza. Kila bomba alilipima kwa pima maji, kile kibao chenye kiputo kati ya mistari miwili, akalisogeza chini ya uzi aliokuwa ameufunga, akazungushia kamba yenye lami kwenye kiungo na kuisukuma ndani kwa kijiti, kisha saruji, kisha kidole gumba kuzunguka ukingo.

Jumatano jioni, baada ya magharibi, Bi Zena aliniuliza, "Fundi anayevuma ule wimbo anaitwa nani?" Kariuki. "Wa wapi?" Mukurweini, nikasema, alinitajia. Akawa anakoroga uji ambao ulikuwa umekwisha kuiva. "Ana kovu hapa, chini ya sikio?" Nilifikiri kidogo, nikasema ndiyo, analo. Akaepua sufuria, akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza katika muda wote niliokaa kwake akaniambia maneno kwa Kikuyu, Kikuyu cha Mukurweini hasa, cha mtu aliyekinyonya. "Hilo kovu nilimpa mimi. Tulikuwa tunavunja kuni." Akanieleza kwa ufupi, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Aliitwa Nyawira. Alimpenda dereva wa lori aliyekuwa akichukua ndizi sokoni kwao, akamfuata, akasilimu, na nyumbani wakasema hayupo tena. Kariuki, kaka yake, ndiye aliyesimama njiani siku ile na kumwambia asigeuke nyuma. Baadaye ikaja miaka ya hali ya hatari na watu wakafungiwa vijijini. Alipopata habari za mama yake, mama alikuwa ameshazikwa, na hapakuwa na aliyemtumia ujumbe. "Sijui kama alinitaja," akasema. "Hilo tu ndilo ninalotaka kujua duniani. Hayo mengine yamepita."

Asubuhi alinituma njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, ndizi mbichi na majani ya malenge. Akapika mukimo, ule mseto wa Kikuyu wa kuponda, katika nyumba ambamo sikuwahi kuona mukimo, akauponda mwenyewe mikono mikavu imeshika mwiko mkubwa, akaufinyanga kwenye bakuli kisha akaupindua kwenye sahani ukakaa kama kichuguu. Juu yake akabonyeza kidole na kutia samli kidogo ndani ya shimo. "Mpelekee. Akila, mwambie Nyawira anamsalimu. Usiongeze neno. Ni damu yangu, ningeweza kumtokea, lakini simtokei mpaka aniite. Na unisikilize, mwanangu: akinikana, akusanye vyombo vyake aende. Sitatumia maji yanayopita mkononi mwa mtu aliyenikana mara ya pili. Heri nitoke." Nilimwambia bwana afya anakuja Jumamosi. "Najua siku," akasema.

Kariuki alikuwa amefika kwenye ua wenyewe. Nje kulikuwa kumekwisha. Vilibaki vipande viwili vya ndani, kutoka kwenye mabati mpaka bafuni, na kwa kuwa hakuweza kuingia, tulikuwa tumekubaliana kwamba nitavilaza mimi, yeye akiniongoza kupitia mwanya aliouacha kwa kulegeza bati moja. Nikampa sahani kupitia mwanya huo. Akanawa, akakaa juu ya rundo la udongo, akamega. Akala tonge la kwanza. La pili lilifika mdomoni likasimama. Akaiangalia sahani, akaligusa lile shimo la samli kwa ncha ya kidole. "Nani amepika hii?" akauliza, na hakuuliza kwa Kiswahili. Nikamwambia: Nyawira anakusalimu.

Aliweka sahani chini. Nyuma yangu nilijua Bi Zena amesimama kwenye dirisha la chumbani, mbali kidogo asisikie maneno lakini karibu asikie kwamba maneno yapo. Kisha Kariuki akaongea kwa Kikuyu, chini chini, bila hasira ya kupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Mwambie mama alikufa akimwita. Siku nne. Kila mlango ukilia aliuliza, ni Nyawira? Mwambie nilimdanganya mama kwamba yuko njiani. Mwambie nilimzika peke yangu, na watu wawili wenye ruhusa ya kutoka kijijini. Mwambie mimi sina dada." Akasimama, akajipangusa. "Kazi nitamaliza. Sikuianza kwa ajili yake." Na akachukua pima maji yake kana kwamba tulikuwa tumezungumza habari za kokoto.

Nilitembea kutoka kwenye mabati mpaka kwenye lile dirisha. Ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu kichwani mara nyingi tangu siku hiyo. Huku nikifikiri nini? Nikifikiri Jumamosi. Nikifikiri mtaro uko wazi, na vipande viwili, na Juma na kofia yake, na kwamba nikisema "sina dada" mwanamke huyu atafunga furushi lake la nguo leo hii na kutoka, kwa sababu alikuwa mtu wa kufanya alichosema. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nyumba ile ilikuwa mahali pekee duniani nilikokuwa nikiitwa mwanangu. Na hilo niliseme pia, maana sikumfikiria yeye peke yake. Akauliza, "Amesemaje?" Nikasema, "Amesema pole kwa msiba. Na amekusalimu."

"Amesema pole?"

"Ndiyo."

"Kwa Kikuyu au kwa Kiswahili?"

"Kwa Kikuyu."

Akashika chuma cha dirisha. Uso wake ulilegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona hata siku za matanga, machozi yakamtoka bila kelele, akayaacha yashuke. Kisha akauliza, na nilijua atauliza, "Hakusema lingine? Kuhusu mama?" Ningeweza kumpa nusu moja na kumficha nusu ya pili. Leo naona wazi ningeweza. Lakini yale maneno niliyapokea yameunganika, siku nne na sina dada, na niliogopa nikivuta moja litakuja na jingine, ataanza kuuliza, na mimi si mjanja wa kudanganya. "Hapana," nikasema. "Hilo hakulitaja."

Mchana huo nilipiga magoti kwenye mtaro na kulaza vipande viwili vya mwisho. Kariuki aliniongoza kupitia mwanya, sauti yake imerudi kwenye Kiswahili. "Inua kidogo. Hapana, kichwa, si mkia. Angalia maji iko katikati ya mistari? Sasa kamba. Sukuma pole pole, usiipasue." Nilifanya yote. Saruji ilinila vidole mpaka vikatoa damu, na sikusikia. Alipoondoka jioni alikuwa amemaliza mukimo wote, sahani akaiacha juu ya bati, safi. Sikujua nilisome vipi jambo hilo, na mpaka leo sijui. Jumamosi bwana afya alimwaga ndoo tatu bafuni, akashuka bondeni kutazama, akarudi, akaniomba ile karatasi ya waridi, akaichana vipande viwili. "Nani amelaza hii ya ndani?" akauliza. Nikasema ni mimi. Akacheka, akadhani natania.

Bi Zena alimaliza eda yake ndani ya nyumba ya mumewe, akaoga, akavaa kanga mpya, wanawake wakarudi na ubani. Juma hakuitaja nyumba tena. Mimi nilihamishiwa Nanyuki kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa nimejiambia nitamweleza yote siku eda ikiisha. Siku ilipofika alikuwa na furaha, nikasema wiki ijayo. Halafu nikasema nitaandika barua. Yeye mwenyewe hakumwendea kaka yake; alisema atangoja aitwe, asije akaiharibu ile pole kwa maswali. Halafu Kariuki akafa, miaka mitatu minne baadaye, nasikia ni mapafu, na Bi Zena akaenda mpaka Mukurweini akasimama kwenye mazishi ya kaka yake nyuma kabisa, akaniambia baadaye kwa amani, "Tulikuwa tumesameheana." Ungemwambia nini mtu hapo? Nilimtembelea kila Idd, nikala pilau yake, nikazaa, nikawa mjane mimi mwenyewe, na kila mara nilipotoka mlangoni mwake nilijiona kama mwizi anayebeba kitu cha mwenye nyumba chini ya nguo. Watu husema muda unapunguza. Haujapunguza kitu. Uliniongezea tu sababu za kunyamaza.

Basi juzi, wanawake walipoanza kupungua mkekani, Mariamu alikuja akakaa karibu yangu. Huyu ni binti wa yule yule Juma, na ndiye aliyemtunza Bi Zena uzeeni, akimwosha na kumlisha miaka sita. Alikuwa amechoka, macho yamevimba, na alitaka kuongea na mtu asiyemuuliza sufuria ziko wapi. Akanieleza siku za mwisho. "Alikuwa ametulia," akasema. "Kaka yake alimsamehe, hilo lilimfurahisha maisha yote, alilisimulia kwa kila mtu. Ila usiku huu wa jana akawa ananiuliza jambo moja. Ananishika mkono, ananiuliza, mama alinitaja? Nikamwambia bibi, mimi sikumjua mama yako. Kidogo tu, ananiuliza tena. Kila mlango ukilia anageuza kichwa. Mpaka alfajiri."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia alimtaja. Nikamwambia siku nne, na mlango, na "ni Nyawira?", na nikamwambia na yale mengine, neno kwa neno, sikuongeza na sikupunguza. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Yeye akauliza tu, kwa sauti ndogo, ya mtu anayetaka kweli kujua, "Mbona hukumwambia?"

Nikatafuta jibu la mtu mzima, la mtu aliyefikiri jambo miaka hamsini. Sikulipata. Nikamwambia nilitaka bomba liishe.